Kijiswali cha mwisho katika Kiingereza, na kwa nini "isn't it?" haitoshi kila mahali

Kiswahili kimetupa njia nyepesi ya kumtaka mwenzako akubaliane nawe. Unasema lako, kisha mwishoni unaweka "sivyo?", "au siyo?" au "ee?" na kazi imekwisha. Umekula, sivyo? Watoto walikuja jana, sivyo? Tutaondoka kesho, sivyo? Nyakati ni tofauti, nafsi ni tofauti, lakini "sivyo" haijatikisika hata kidogo. Sasa zipeleke sentensi hizo kwenye Kiingereza: "You have eaten, haven't you?" "The children came yesterday, didn't they?" "We will leave tomorrow, won't we?" Mikia mitatu, na hakuna hata mmoja uliofanana na mwenzake.

Hapo ndipo penye mzizi wa makosa yetu mengi. Msemaji wa Kiswahili anatafuta neno moja la Kiingereza la kukaa pale ambapo "sivyo" ingekaa, anakutana na "isn't it", na kuanzia siku hiyo analipachika kila sentensi: "You have eaten, isn't it?" "They came yesterday, isn't it?" Tabia hii si yetu peke yetu. Wafaransa wana "n'est-ce pas" yao isiyobadilika, Wajerumani wana "nicht wahr", katika Kiingereza cha India "isn't it" ya kila mahali imezoeleka sana, na huko London kwenyewe "innit" ya mitaani inaning'inizwa kwenye sentensi yoyote bila kujali kitenzi. Lakini kwenye Kiingereza sanifu, kile kinachosahihishwa kwenye mtihani na kinachosomwa kwenye barua ya kazi, hilo ni kosa.

Jambo ninalotaka lieleweke kabla ya kanuni yoyote ni hili: kijiswali cha Kiingereza, yaani huo mkia wa mwishoni, hakiokotwi kutoka kwenye orodha uliyoikariri. Kinajengwa kwa vipande vya sentensi iliyokitangulia. Ukiwa na sentensi, tayari unacho kijiswali chake, kimejificha humo ndani, na kazi yako ni kukitoa.

Chukua sentensi ndefu kidogo tuipasue: "Asha's brothers should have been told by now." Swali la kwanza: nani anayezungumziwa? Si Asha, ni kaka zake. Kiima ni "Asha's brothers", watu zaidi ya mmoja, basi kiwakilishi chao ni "they". Swali la pili: kitenzi kisaidizi cha kwanza ni kipi? Sentensi hii ina visaidizi vitatu vilivyopanga foleni, "should", "have" na "been", ndipo likaja "told" ambalo ndilo kitenzi kikuu. Tunachukua cha kwanza peke yake, "should", vingine tunaviacha palepale vilipo. Swali la tatu: sentensi inakubali au inakanusha? Inakubali, basi mkia ukanushe: "shouldn't". Unganisha, tia mkato mbele na alama ya kuuliza nyuma: "Asha's brothers should have been told by now, shouldn't they?" Anayeandika "haven't they" hapa amechukua kisaidizi cha pili. Anayeandika "shouldn't she" ameshika jina la kwanza aliloliona akadhani ndilo kiima.

Sentensi ikikanusha, mkia unakubali: "The brothers weren't told, were they?" Na kijiswali hufuata sentensi ya taarifa, si swali. "Are you coming, aren't you?" haipo, kwa sababu umeshauliza.

Sasa mahali panapotusumbua zaidi: sentensi isiyo na kisaidizi kinachoonekana. "Asha sings well." Kisaidizi kiko wapi? Kwa Mswahili hili ni gumu kwa sababu kitenzi chetu kinabeba kila kitu mgongoni. "Anaimba" ina nafsi, ina wakati, ina kitenzi. Ukitaka kukanusha unasema "haimbi", hakuna neno jipya lililoongezwa. Kiingereza hakiwezi hivyo. Kikitaka kukanusha au kuuliza katika wakati uliopo wa kawaida au uliopita wa kawaida, lazima kiite "do", ila kwa "is" na jamaa zake ("am", "are", "was", "were") zinazojitosheleza. Basi jiulize: sentensi hii ningeikanushaje? "Asha does not sing well." Hilo "does" lililojitokeza ndilo unalolitaka: "Asha sings well, doesn't she?" "They left early" ukiikanusha ni "They did not leave early", kwa hiyo "They left early, didn't they?" Hila hii ya kukanusha kichwani haijawahi kuniangusha kwenye vitenzi vya kawaida, nami naipendelea kuliko kukariri jedwali la nyakati.

Tahadhari na vitenzi visivyobadilika umbo: "put", "cut", "shut", "hit", "cost". "He put the key on the table" ni ya wakati gani? Angalia "s". Ingekuwa wakati uliopo, tungesema "He puts". Haina "s", basi ni wakati uliopita: "didn't he?" Lakini "They put the key on the table" inaweza kuwa ya wakati wowote kati ya hiyo miwili, na hapo unategemea maneno jirani kama "every day" au "last night".

"Have" nayo ina sura mbili. Ikiwa kisaidizi, inajibeba yenyewe: "You have finished, haven't you?" Ikiwa kitenzi kikuu chenye maana ya kuwa na kitu, kula au kulazimika, inaita "do": "You have two children, don't you?" "She had lunch, didn't she?" "We have to wait, don't we?" Katika vitabu vya zamani vya Uingereza utakuta "You have two children, haven't you?" na si kosa, ila siku hizi "don't you" ndiyo inayosikika zaidi, na Marekani ndiyo ya kawaida. "Have got" ni jambo jingine: hapo "have" ni kisaidizi, basi "She has got a car, hasn't she?"

Kuna mtego ambao vitabu vilivyoandikwa kwa wanafunzi wa dunia nzima haviutaji, kwa sababu unatoka ndani ya Kiswahili. Ni ile "-me-" yetu. Tumezoeshwa kwamba "-me-" ni "have": nimekula, "I have eaten". Lakini "-me-" nyingi ni hali, si tendo. Umechoka ni "You are tired". Amelala ni "He is asleep". Wamesimama ni "They are standing". Amevaa kofia ni "She is wearing a hat". Mwanafunzi anasema sentensi vizuri kabisa, "You are tired", halafu kichwani anasikia "umechoka", anatoa "haven't you?" Kijiswali kinamfuata Mwingereza aliyeko kwenye sentensi, si Mswahili aliyeko kichwani: "You are tired, aren't you?"

Mfano mzuri kuliko yote wa jambo hili ni ndoa. "She's married, isn't she?" na "She's married a teacher, hasn't she?" Sentensi ya kwanza ni hali yake, ameolewa, na ile "'s" ni "is". Ya pili ni tendo, ameoana na mwalimu, na "'s" ni "has". Herufi ileile, ritifaa ileile, mikia miwili tofauti.

Basi "'s" tuitambueje? Angalia neno linalofuata. Ikifuatwa na kitenzi cha "-ing", sifa, mahali au nomino, ni "is": "He's sleeping, isn't he?", "She's upstairs, isn't she?" Ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, mara nyingi ni "has": "He's gone, hasn't he?", "It's been repaired, hasn't it?" Nimesema mara nyingi kwa sababu kauli ya kutendwa inavuruga: "The room's cleaned every morning, isn't it?" Chumba hakisafishi, kinasafishwa, na hiyo ni "is". Kwa "'d", umbo la tatu likifuata ni "had": "They'd left, hadn't they?" Kitenzi kisicho na nyongeza kikifuata ni "would": "They'd help, wouldn't they?" Na kuna jozi moja ya kuikamata kwa moyo: "You'd better rest, hadn't you?" lakini "You'd rather rest, wouldn't you?"

Tuje kwenye kiwakilishi. Hapa Kiswahili kinatuponza kwa njia tatu. Ya kwanza inajulikana: "a-" yetu haibagui mume na mke, hivyo ulimi uliozoea "yeye" huteleza kutoka "he" kwenda "she" katikati ya sentensi. "Your mother knows, doesn't he?" si kosa la kutojua, ni kosa la kasi. Dawa yake ni kusimama nukta moja kwenye kiima kabla ya kutoa mkia.

Ya pili ni wanyama. Kwetu ng'ombe amekula, amelala, amekuja, yuko ngeli moja na watu. Kiingereza kwa kawaida kinampa "it": "The cow has eaten, hasn't it?" Mnyama wa kufugwa ndani aliyepewa jina anaweza kuitwa "he" au "she", lakini ukiwa na shaka, "it" ni salama.

Ya tatu ndiyo yenye utajiri, nayo ni umoja na wingi. Maji kwetu ni "ya-": maji haya, maji yamemwagika. Nywele ni wingi: nywele zako zimelowa. Fedha zimehesabiwa, habari ni nzuri hizi. Kiingereza kinazihesabu zote kuwa umoja: "The water is cold, isn't it?" "Your hair is wet, isn't it?" "The money was counted, wasn't it?" "The news is good, isn't it?" Hiyo ya mwisho ina "s" mwishoni na bado ni umoja. Halafu kinyume chake: suruali yangu ni moja, mkasi ni mmoja, lakini Kiingereza kinaona miguu miwili na makali mawili: "The trousers are wet, aren't they?" "These scissors don't cut, do they?" Askari polisi nao, hata neno likiwa halina "s", ni wengi: "The police have arrived, haven't they?"

"This" na "that" zinageuka "it". "These" na "those" zinageuka "they". "That was your phone, wasn't it?" Kamwe usiseme "wasn't that". Lakini "there" inabaki "there": "There were two doors, weren't there?" Msikilize yeyote anayetafsiri "kulikuwa na" na utamsikia akisema "weren't they" au "isn't it". "There" ni kiima cha bandia, ni kweli, lakini kijiswali kinakikubali kama kiima cha kweli.

"Everyone", "someone", "nobody" na ndugu zao wote wanaomhusu mtu huchukua "they", na hapa kuna hatua ambayo wengi huiruka. "Everyone has arrived." Kitenzi ni cha umoja, "has". Kiwakilishi ni "they", ambacho hakiwezi kusimama na "has". Basi kitenzi kinabadilika kumfuata: "Everyone has arrived, haven't they?" Vivyo hivyo "Somebody was here, weren't they?" Maneno ya vitu, "everything", "nothing", "something", huchukua "it" na hayana usumbufu huo.

"Nobody" linatupeleka kwenye ukanushi uliojificha. Kiswahili kinakanusha ndani ya kitenzi, hivyo tumezoea kuutafuta ukanushi kwenye kitenzi. Kiingereza kinaweza kukanusha kwa neno lililokaa kando huku kitenzi kikionekana cha kukubali kabisa. "Nobody called" ina maana hakuna aliyepiga simu, sentensi imeshakanusha, basi mkia ukubali: "Nobody called, did they?" Hivyohivyo kwa "never", "nothing", "hardly", "scarcely", "barely", "seldom" na "rarely". "She hardly eats, does she?" "He never came back, did he?" Neno "hardly" ndilo linaloongoza kwa kuangusha watu, kwa sababu wengine wanalisoma kama kielezi cha "hard". "He works hard, doesn't he?" ni mtu anayejituma. "He hardly works, does he?" ni mtu anayefanya kazi kwa nadra sana. Maana zimepishana kabisa na mikia imepishana nazo.

Kisha "few" na "little". Bila "a", zinakanusha. Zikiwa na "a", zinakubali. "Few people came, did they?" ni malalamiko: watu hawakuja. "A few people came, didn't they?" ni faraja: walau wachache walikuja. Kiswahili kina "wachache" mmoja kwa yote mawili, na tofauti tunaibeba kwa sauti au kwa neno kama "tu". Kiingereza kimeiweka tofauti nzima kwenye herufi moja, na kijiswali kinaifichua.

Kwa upande wa pili, viambishi kama "un-", "im-" na "dis-" havihesabiwi. "It's impossible, isn't it?" "She dislikes noise, doesn't she?" Ukanushi wa ndani ya neno haugeuzi sentensi.

Yaliyobaki ni yale ambayo lazima uyapokee yalivyo. "I am" inatoa "aren't I?": "I'm late, aren't I?" Inashangaza, kwa kuwa hakuna anayesema "I are". "Am not" iliwahi kufupishwa ikawa "an't", na kwa matamshi ya Uingereza ambayo "r" haisikiki, ilitamkwa sawa na "aren't", ndivyo tahajia hii ilivyoshika. Skotilandi na Ayalandi bado wanasema "amn't I", lakini wewe andika "aren't I", au "am I not" kwenye maandishi rasmi sana. Ikikanusha haina shida: "I'm not late, am I?" "Let's" inatoa "shall we?". Amri inatoa "will you?", na ikiwa ni mwaliko wa upole, "won't you?": "Sit down, won't you?" Amri ya kukataza ni "will you?" tu: "Don't tell them, will you?" "Used to" inatoa "didn't". "May" haina mkia mzuri, "mayn't" karibu haitumiki tena, na ushauri wangu ni kuipanga sentensi upya kwa "might" au kuacha mkia.

Ufupisho wa ukanushi una umbo lake. Ni "won't" si "willn't", ni "can't", ni "shan't". Na ukiamua kutofupisha, "not" inahama na kukaa nyuma ya kiwakilishi: "is it not?", "did they not?" Ukisema "is not it?" umechanganya maumbo mawili. Kwenye mazungumzo fupisha tu. Umbo refu linasikika kama hotuba.

Sentensi zenye vishazi zaidi ya kimoja hufuata kishazi huru. "She said that he was ill, didn't she?" Kinachoulizwa ni kama alisema, si kama aliugua. "You'll call me when you arrive, won't you?" Mbali ya hapo kuna kundi dogo: "I think", "I suppose", "I believe" na wenzao, zikiwa na "I". Hapo msemaji hajiulizi kama anafikiri, analainisha tu kauli yake, hivyo mkia unaruka kwenda kwenye kishazi cha pili: "I think he's coming, isn't he?" Na ukanushi ukiwa kwenye "I don't think", unahesabiwa kana kwamba uko kule kwenye kishazi cha pili: "I don't think he's coming, is he?" Badilisha nafsi na kanuni ya kawaida inarudi: "He thinks she's coming, doesn't he?"

Mpaka hapa umbo liko sawa, lakini umbo sahihi lenye kiimbo kibaya linaweza kukusemea usichokusudia. Sauti ikipanda kwenye kijiswali, unauliza kwa kweli; hujui, unataka kuambiwa. "You've locked the door, haven't you?" kwa sauti ya kupanda ni mtu mwenye wasiwasi aliye tayari kurudi nyumbani. Sauti ikishuka, unajua tayari na unatafuta kuungwa mkono: "It's hot today, isn't it?" Ukipandisha hiyo ya joto, mwenzako atadhani huna uhakika kama kuna joto. Hii ya kushuka inafanana sana na "si" yetu ya mwanzoni: "Si unamjua?" "Si nilikwambia?" Anayesema hivyo haombi taarifa. Kwa hiyo kipimo kizuri ni hiki: kama kwa Kiswahili ungesema "si..." mwanzoni, kijiswali cha Kiingereza kishushe. Kama ungesema "au vipi?" kwa shaka ya kweli, kipandishe.

Utasikia pia sentensi ya kukubali yenye mkia wa kukubali: "So you're leaving, are you?" Hiyo si kosa. Ni mtu aliyepata habari sasa hivi na anaonyesha mshangao, shauku au kutoridhika. Uitambue ukiisikia, ila usikimbilie kuitumia, kwa sababu sauti kidogo tu inaigeuza kuwa kejeli. Inayofaa kujifunza mapema ni ombi la upole linaloanza kwa kukanusha: "You couldn't lend me a pen, could you?" "You haven't seen my glasses, have you?" Ukianza kwa kukanusha umempa mwenzako mlango wa kukataa bila aibu, na huo ndio adabu yake.

Sasa jibu. Ningeweza kusema kwamba hili ni muhimu kuliko umbo lenyewe, kwa sababu mwenye umbo baya hueleweka, ila mwenye jibu baya hueleweka kinyume. Mtu anakuuliza kwa Kiswahili, "Huli nyama, sivyo?" nawe huli. Unajibu "Ndiyo", yaani ndivyo ulivyosema, sili. "Ndiyo" yetu inaikubali kauli ya aliyeuliza. Kwa Kiingereza, "You don't eat meat, do you?" ukijibu "Yes", umesema unakula. Sahani inakuja na nyama juu yake na mwenyeji wako hana kosa lolote.

"Yes" na "no" za Kiingereza haziangalii kauli ya aliyeuliza, zinaangalia ukweli wenyewe. Unakula, "Yes, I do." Huli, "No, I don't." Na haijalishi swali lilikujaje; "You eat meat, don't you?" na "You don't eat meat, do you?" zina majibu yaleyale. Njia ya kujilinda ni kutotoa "yes" wala "no" ikiwa uchi. Iambatanishe na kisaidizi kila mara: "Yes, I have", "No, I haven't". Ukijikuta unataka kutamka "Yes, I haven't", masikio yatakushtua kabla mdomo haujamaliza. Kwenye usaili au mbele ya ofisa anayejaza fomu, hii inalipa: "You haven't worked abroad before, have you?" na neno moja "Yes" linatosha kuandika historia ambayo si yako.

Ugumu unazidi kwenye "mind". "You don't mind waiting, do you?" Anayekubali kusubiri anasema "No, not at all", maana yake sioni taabu. Akisema "Yes" kwa moyo mkunjufu, amesema kwamba kusubiri kunamkera.

Kwa mazoezi, usichukue sentensi za kitabu pekee. Chukua zile ulizosema leo kwa "sivyo" au "si", zigeuze, zipitishe kwenye maswali matatu ya kiima, kisaidizi na ukanushi, kisha jibu kila moja mara mbili kwa sauti, moja ya "yes" na moja ya "no". Kumi kwa siku zinatosha. Zikizoeleka, jaribu hii: "She's never had to cook." Ile "'s" ni "has", kwa kuwa "had" inayofuata ni umbo la tatu. "Never" imekanusha, basi mkia ukubali. "Have to" ipo, na ingekuwa peke yake ingeita "do", lakini hapa mbele yake kuna kisaidizi, na kisaidizi cha kwanza ndicho kinachochukuliwa. "She's never had to cook, has she?" Na kama ni kweli hajawahi, jibu ni "No, she hasn't."